Kanoni Apolo Kivebulaya, Mgeni wa Mboga



Kamati ya yubilei ilipotuomba kurasa chache za maisha ya mtu wa kale anayefaa kukumbukwa katika sherehe hii, wengi walitarajia kwamba tungeandika juu ya mtunzi wa nyimbo. Tulilijadili jambo hilo baada ya mazoezi, tena si mara moja. Mwishowe tukamchagua mtu ambaye sifa yake haikutokana na wimbo bali na namna alivyokaa na watu, wale waliomkataa na wale waliokataliwa na wengine.

Sababu yetu ni hii. Kwaya hukaa mbele ikiutazama mlango. Mchungaji anapoinamisha kichwa katika sala, na washirika wakiwa wameupa mlango mgongo, sisi ndio tunaomwona anayeingia kwa mara ya kwanza. Anasimama. Anatafuta kwa macho mahali pa kukaa. Anaangalia viatu vyake, maana tope la Ainabkoi halimwachi mtu. Wakati mwingine anageuka na kwenda zake kabla ya ubeti wa pili. Huyo ndiye tuliyemfikiria tulipoanza kusoma habari za Kanoni Apolo, na tunaomba nanyi mumfikirie mnaposoma.

Alizaliwa Buganda takriban mwaka wa 1864, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa mtoto wa kiume aliyetangulia kati ya mapacha. Katika ujana wake alifuata Uislamu. Baadaye alivutwa na mafundisho ya Alexander Mackay, mmishonari kutoka Scotland aliyekuwa mhandisi, mtu wa kushika nyundo asubuhi na kufundisha dini jioni. Buganda ya miaka hiyo haikuwa mahali pepesi kwa mgeni. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington alitoka pwani, akakatiza Bonde la Ufa, akapita kwa Nabongo Mumia, na mwezi wa Oktoba akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga kwa sababu alikuwa akiikaribia Buganda kutoka mashariki, upande uliohofiwa. Waswa alikuwa kijana wa miaka 20 na kidogo. Alikulia katika nchi ambamo mtu angeweza kufa kwa kuingia kupitia mlango usiofaa.

Vita vya dini vilipoitikisa Buganda naye alishika silaha. Mwaka wa 1891 alikuwa miongoni mwa askari waliokwenda magharibi pamoja na Kapteni Lugard hadi Toro, ambako Kasagama alirudishwa katika kiti chake cha ufalme. Safari hiyo ilimwonyesha nchi iliyo chini ya milima ya Ruwenzori, na inaelekea haikumtoka moyoni, maana alipobatizwa Januari 1895 na kupewa jina la Apolo, alijitolea kwenda kufundisha huko huko. Jina la Kivebulaya alilipata kutokana na koti. Alikuwa na koti jekundu la kijeshi alilolivaa juu ya kanzu yake, na watu wakamwita kwa maneno ya Kiganda yenye maana ya kitu kinachotoka Ulaya. Tunapenda kuamini kwamba alicheka. Lakini tazameni: hata jina ambalo dunia inamjua kwalo ni jina la mtu aliyeonekana mgeni kwa mavazi yake.

Sasa tufike Mboga, maana hapo ndipo habari yenyewe ilipo.

Mboga iko ng'ambo ya mto Semliki. Mtu akitoka Toro huuzunguka mlima Ruwenzori, huteremka bondeni kwenye joto, huvuka mto, kisha hupanda tena vilimani upande wa pili. Leo ni nchi ya Kongo. Wa kwanza kupelekwa huko na kanisa walikuwa walimu wawili Waganda, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata. Chifu wa Mboga alikuwa Tabaro. Mafundisho ya wageni hawa yaligusa mambo mengi ya maisha ya watu wake, na hakuyapenda. Basi akatumia silaha iliyo rahisi kuliko mkuki. Aliwanyima chakula. Watu wakaambiwa wasiwape wala wasiwauzie, na walimu hao wawili, ambao hawakuwa na shamba wala ndugu mahali pale, wakashindwa na njaa wakarudi walikotoka.

Tumekaa na jambo hili kwa muda. Hakuna aliyewafukuza kwa fimbo. Kila mtu wa Mboga angeweza kuapa kwamba hakuwafanyia lolote, na angesema kweli, kwa sababu ubaya wote ulikuwa katika kutofanya. Mgeni hafukuzwi kwa kelele tu. Hufukuzwa pia na benchi lililojaa ambalo hakuna anayesogea, na na kikundi cha watu wanaosalimiana wenyewe kwa wenyewe nje ya kanisa baada ya ibada huku yeye akipita katikati yao kama anayepita sokoni.

Apolo alifika Mboga mwishoni mwa 1896 akijua vizuri yaliyowapata wenzake. Hakwenda kwa chifu kulalamika. Alichukua jembe akalima. Wazee wetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Alipanda chakula chake mwenyewe, akajenga, akafundisha wachache waliothubutu kumkaribia, na kwa kuwa hakumtegemea mtu kwa tumbo lake, ile silaha ya Tabaro ikawa butu. Inafaa kusema wazi kwamba hili halimwondolei mwenyeji lawama. Si kila anayenyimwa ana nguvu za kulima. Lakini Apolo alikuwa nazo, na shamba lile baadaye lililisha wengi.

Chifu aliona njaa haijafanya kazi, akatumia kipigo. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba Apolo alipigwa hadi akadhaniwa amekufa, akaachwa nyikani, na mwanamke mmoja wa Mboga akamkuta angali anapumua, akamficha na kumuuguza. Fikirini hatari aliyojitia mwanamke yule. Chifu ametoa amri, kijiji kizima kinajua, naye anachota maji na kumwosha vidonda mtu asiye wa ukoo wake. Vitabu vya historia ya kanisa huanza na maaskofu. Sisi tungeanza kanisa la Mboga na yeye.

Kisha likaja baya zaidi. Katika kazi ya kujenga, mkuki uliokuwa umeachwa katikati ya matete ulimchoma jamaa wa karibu wa chifu, mwanamke, akafa. Ilikuwa ajali, lakini nani angeamini? Mgeni asiyependwa ana damu mikononi. Apolo alikamatwa akapelekwa Toro kwa maofisa wa Kiingereza, akafungwa kwa minyororo. Baada ya muda kesi haikumpata na hatia, akaachiliwa. Mtu mwingine angefunga virago kwenda kwao Buganda na hakuna ambaye angemlaumu.

Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba katika miaka hiyo ya mwanzo alikuwa amewaza kuikimbia Mboga. Usiku mmoja, akiwa katika mawazo hayo, alimwona Bwana Yesu katika ndoto, aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Alilisimulia jambo hilo maisha yake yote. Tangu usiku ule, alisema, wanaomsikiliza anapohubiri huyaacha maovu yao na kugeuka. Alirudi Mboga, kwa watu wale wale, kwa chifu yule yule.

Na Tabaro? Tabaro aliomba kufundishwa. Alibatizwa, akaitwa Paulo. Aliyewanyima walimu wawili chakula na kumpiga wa tatu aliketi kanisani pamoja na watu wake, na aliyemfungulia mlango ni yule yule aliyekuwa amefungiwa. Hapa tungependa wapendwa msome polepole. Ni rahisi kumkaribisha mgeni ambaye hamna deni naye. Apolo alimkaribisha mtu ambaye alijua uzito wa fimbo yake.

Miaka iliyofuata tutaipita kwa haraka. Alifanywa shemasi mwaka wa 1900 na kasisi mwaka wa 1903, akahudumu kwa muda mrefu sehemu mbalimbali za Toro, akitembea kutoka kanisa hadi kanisa. Hakuoa. Aliweka shajara, ambazo zimehifadhiwa hata leo na wasomi huzisoma. Wakati huo huo Waingereza na Wabelgiji walikuwa wakivuta mipaka yao, na Mboga ikawekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Kanisa lake la kwanza likawa limekatwa na mpaka, likibaki na waumini wachache. Takriban mwaka wa 1915 alirudi kuishi nao, akiwa amevuka umri wa miaka 50, katika nchi ambayo sasa hata kwa karatasi za serikali alikuwa mgeni tena.

Nyumba yake ya Mboga haikuwa nyumba ya mtu mmoja ingawa hakuwa na mke wala mtoto. Iliishi vijana, yatima, wanafunzi, na wapita njia. Walikula kutoka lile shamba. Alipofanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe mwaka wa 1922 hakuhamia mjini. Tunataja hili kwa sababu tumekuwa na mjadala mrefu katika kwaya kuhusu ukarimu na cheo. Baadhi yetu walisema kumpokea mgeni ni kazi ya wazee wa kanisa na kamati ya ushirika, na kwamba kwaya kazi yake ni kuimba. Kanoni Apolo, mwenye cheo kuliko sisi sote tuliopiga kura siku ile, aliendelea kugawa ndizi kwa mkono wake.

Magharibi ya Mboga unaanza msitu wa Ituri. Humo wanaishi Wambuti, watu wafupi wa kimo, wawindaji, wanaoujua msitu kama sisi tunavyojua njia ya kwenda dukani. Walikuwa wakibadilishana nyama na mazao na majirani wao wakulima, lakini majirani hao waliwadharau. Waliwaona kama watu nusu. Kuwinda pamoja nao kulikubalika, kuketi nao hakukukubalika. Kama kanisa la Mboga lingebaki likingoja waje Jumapili, lingengoja mpaka leo, kwa kuwa mtu anayejua anadharauliwa haji mahali walipokusanyika wanaomdharau.

Mwaka wa 1921, akikaribia miaka 60, Apolo aliona maono mengine, nayo yalimtuma msituni. Alikwenda kwa miguu. Alikaa katika kambi za Wambuti, alikula nao, alilala walipolala. Alipeleka walimu wengine wakae nao pia. Na hakuwaambia kwanza wajifunze lugha ya Mboga ndipo waelewe Injili. Alishughulikia lugha yao, na Injili ya Marko ikatafsiriwa ili wasikie kwa masikio yao wenyewe. Kabla hajafa aliwaona wa kwanza wao wakibatizwa.

Tukisoma hayo hapa Ainabkoi tunaona kitu cha kufanyia kazi. Wengi wetu tumefundishwa kwamba jina la mahali petu kwa Kikalenjin ni mto wa mawe. Kanisani mwetu huja Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Wakisii, walimu waliohamishwa shule, vibarua wa msimu wa viazi, wake walioolewa hivi karibuni, wasafiri waliokwamishwa na mvua kwenye barabara ya Timboroa. Tangazo likianza kwa Kiswahili na kumalizikia kwa lugha ya nyumbani ya wengi waliopo, kuna mtu mmoja kwenye benchi la nyuma ambaye ibada imemwishia hapo katikati. Wala hakuna aliyekusudia kumuumiza. Ndivyo pia na kicheko kinachofuata mzaha usiotafsiriwa.

Tena sisi watu wa Uasin Gishu hatuwezi kulitamka neno mgeni kwa wepesi. Katika nchi hii limewahi kusemwa kwa midomo miwili: mchana likimaanisha anayeandaliwa chai, na wakati wa uchaguzi likimaanisha anayetakiwa aondoke, hata kama baba yake alizikwa hapa. Januari 1, 2008, pale Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani wakidhani ni mahali salama waliteketezwa humo. Wapo kati yetu waliokuwa watoto mwaka huo na leo wanaimba sauti ya tatu. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya mtu anayeingia kanisa asilolijua, hatuzungumzi juu ya adabu na tabasamu peke yake. Kuna mtu anayepima, kabla ya kuketi, kama jina lake la ukoo litabadilisha nyuso za watu.

Ndiyo maana hatuna hakika na ile desturi ya kuwasimamisha wageni wote, kila mmoja ataje majina yake matatu na anakotoka. Wengine huifurahia, na makofi huwapa moyo. Lakini majina matatu katika kaunti hii ni taarifa nyingi kuliko tunavyokubali. Maoni ya kwaya, na tumeyapeleka kwa baraza la kanisa kwa heshima, ni kwamba anayependa kusimama asimame, na asiyependa aamkiwe akiwa ameketi, na mtu aliye jirani yake, kwa jina lile moja atakalochagua kulitaja. Apolo hakuwasimamisha Wambuti mbele ya kusanyiko la Mboga. Alikwenda akaketi chini walipoketi.

Kuna jambo dogo ambalo vijana wa kwaya walilipenda tulipokuwa tukikusanya habari hizi. Reli inayopita hapa kwetu ilifika Eldoret mwaka wa 1924 na kuendelea hadi Kampala mwaka wa 1931. Yaani garimoshi lilipokuwa likipanda Timboroa likitoa moshi na kupita Ainabkoi kuelekea Uganda, Kanoni Apolo alikuwa bado hai ng'ambo ya mwisho wa safari hiyo na mbele zaidi, akivuka Semliki kwa miguu, mzee wa karibu miaka 70.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliacha ombi kuhusu kaburi lake. Desturi aliyoijua ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa haijaisha. Walifanya hivyo. Kanisa la Anglikana la Kongo lilikua kutoka katika kusanyiko lile dogo la mpakani, na Boga, kama mji huo unavyoandikwa sasa, ni dayosisi. Hata Uingereza kalenda ya kanisa humkumbuka kila tarehe 30 Mei.

Jumapili ya yubilei wanakwaya wanne hawatakaa mbele pamoja nasi. Watakuwa mlangoni kuanzia saa mbili na nusu, wawili ndani na wawili nje, wakiwa na vitabu vya nyimbo vya ziada na kitambaa cha kupangusia viatu kwa ajili ya wanaotoka upande wa barabara ya udongo. Mabenchi mawili ya katikati, si ya nyuma, yataachwa wazi. Tunawaomba akina mama na akina baba waliozoea mabenchi hayo watuwie radhi kwa siku hiyo. Chai na mahindi ya kuchemsha vitakuwa chini ya mti ulio karibu na jiko, na sufuria ya kwanza ni ya wale ambao hatujawaona hapo kabla.